Askofu Tuliyembeba Riyadh Mpaka Jeddah

Tangu nirudi kila mtu ananiuliza kitu kimoja: "Ilikuwaje huko?" Nikisema ilikuwa joto mnaona nawaficha. Nikisema nimechoka mnasema naringa. Sasa nimeandika. Atakayeniuliza tena nitampa hizi karatasi, nirudi kulala. Mgongo wangu haujui tumefika Butere. Bado unafikiri uko kwenye kiti cha gari na mtu anapiga honi nyuma.

Mambo ya wakala na kupimwa damu sitayagusa. Mnayajua, na kama hamyajui mna bahati. Nitawapa safari moja tu, ile ya Riyadh mpaka Jeddah, kwa sababu ndiyo iliyonileta hapa.

Mjue kwanza kwamba mkataba wangu ulikuwa umeisha kitambo, na bosi, yaani kafili wangu, hakutaka kuniachilia. Kule bila kafili kukubali hutoki nchini hata ukilia. Kila nikimwomba ananijibu, "Bukra, Yusuf." Mimi ni Josefati Shikuku, lakini kule nilikuwa Yusuf, na bukra ni kesho. Hiyo kesho niliingoja mpaka nikaota mvi mbili kwenye ndevu.

Halafu mtoto wangu, Eliya, alizaliwa nikiwa nimeshaondoka. Alinijua kwa sauti tu. Mama yake akimwambia, "Nenda kwa baba," anakimbilia simu mezani. Nilitumiwa video yake akiifunika simu kwa leso ipate usingizi. Niliwaonyesha wenzangu tukacheka sana. Halafu nikaenda kuosha gari ambalo lilikuwa safi.

Al-Sulay, tulikoanza kwa kusimama

Safari ilikuwa ya Mama Kubwa, mama mzazi wa bosi. Alitaka kufanya Umra Makka, kisha akae kidogo kwa dada yake Jeddah. Ndege aliikataa, anasema inamfunga masikio. Basi dereva ni mimi, na nyuma pamoja naye ni Halima, dada wa Kwale aliyekuwa mfanyakazi wa nyumbani pale. Halima ndiye alimwogesha mama, akampa dawa zake za sukari, na akanitafsiria, maana Kiarabu changu ni cha kuegesha gari: kulia, kushoto, rudi kidogo, halas, yaani basi, imetosha.

Halima alikuwa na mpango. "Kaka Shikuku, njia ni ndefu. Mwanawe hamsikilizi mtu ila mamake. Tukifika katikati ya jangwa, mwambie shida yako. Hatakuwa na pa kukukimbia."

"Na mimi nitamkimbilia wapi akikasirika?"

"Wewe nyamaza uendeshe."

Tuliondoka alfajiri. Nasema tuliondoka, lakini hata mji hatukuumaliza. Bosi akapiga simu tupitie ghala lake Al-Sulay tuchukue zulia la kumpelekea huyo dada wa mama yake Jeddah. Tukafika kule kwenye malori na vumbi, mwenye ufunguo ameenda kula. Tukangoja. Akarudi, ikawa wakati wa sala. Tukangoja. Zulia lilipotoka, lilikuwa refu kuliko gari. Tulilisukuma kutoka kwenye buti, likapita katikati, likaja kutoa kichwa mbele kando yangu kama abiria aliyelipia kiti kizuri. Nikalifunga mkanda.

Mama Kubwa akaliangalia, akasema kitu. Halima akacheka. "Anasema hatimaye umepata mwenzako wa kuongea naye."

Jangwani, Mama akikosa tamthilia yake

Ile barabara, ndugu zangu, haina kitu. Mchanga, nguzo za stima, ngamia mmoja anayekuangalia kama umemkosea. Unaendesha mpaka unaanza kusalimiana na mabango. Nilikuwa nimejipanga niombe ruhusa yangu tukishapita vituo vya mafuta vya kwanza. Nikakohoa. Nikasema, "Mama..."

Wakati huohuo ikafika saa ya tamthilia yake.

Mjue huyu mama ana tamthilia ya runinga haikosi hata akiwa mgonjwa. Mule kwenye gari hakuna runinga. Alianza kuhema, akapiga kiti kwa fimbo, akamwambia Halima maneno marefu.

"Anasema usimulie wewe," Halima akaniambia.

"Nisimulie nini?"

"Chochote chenye mfalme."

Nyinyi mnanijua. Shule niliiacha kidato cha pili, au shule iliniacha mimi, sisi wawili hatujakubaliana. Hadithi ndefu ninayoijua ni moja tu. Darasa la kipaimara nilirudia miaka mitatu, maana mwalimu alinipenda sana akawa hataki kunipitisha, na kila mwaka alituhadithia maisha ya askofu mmoja wa Uingereza, wa zamani zile Waingereza walipokuwa wanagombana wenyewe kwa wenyewe juu ya dini. Jina lake mwalimu alilitamka tofauti kila mwaka. Sitalijaribu.

"Najua ya askofu," nikasema.

"Ewe! Askofu? Hapa? Wataka tufungwe sote watatu na hilo zulia?"

Mama Kubwa akauliza tunabishana nini. Halima akashindwa kunyamaza, akamweleza: mzee wa dini ya Wakristo, wa zamani, wa mbali. Mama akafikiri. Nikamwona kwenye kioo anachambua tende.

"Auliza, alimwogopa Mungu?"

"Sana."

"Kammil," akasema Mama Kubwa. Yaani endelea.

Nikaanza. Nikasema askofu huyu alizaliwa kwa mkulima wa shamba la kukodi, baba ana kondoo, mama anakamua ng'ombe wengi kwa mkono. Mama Kubwa akafurahi hapo hapo. Baba yake yeye alikuwa na ngamia, na watu wa mifugo, alisema, hawana maneno mengi. Nikasema alipelekwa chuo kikuu, akawa mkali ajabu dhidi ya wale walioleta mafundisho mapya. Mpaka siku moja akaja mtu mdogo wa umbo, mpole, mmoja wa haohao wapya, akamwambia, "Nisikilize nitubu kwako." Yule mtu akatubu, na aliyegeuka ni aliyekuwa akimsikiliza. Akatoka hapo ni mtu mwingine. Akaanza kwenda kutazama wafungwa gerezani.

"Na mfalme yuko wapi?" Halima akatafsiri. "Mama anasema umeahidi mfalme."

Nikamleta mfalme. Mnene, mkali, wake sita.

"Sita!" Halima akasahau kutafsiri.

"Si pamoja. Kwa zamu. Wawili aliwakata vichwa."

Mama alipoambiwa akatikisa kichwa muda mrefu. "Anasema mamake alikuwa wapi?"

Nikasema mfalme alipenda mahubiri ya huyu mtu kwa sababu yalikuwa na vichekesho, akamfanya askofu. Sasa kule mwaka mpya maaskofu walikuwa wanampelekea mfalme zawadi, vitu vya dhahabu. Askofu wetu akapeleka kitabu, sehemu ya Biblia, na ukurasa mmoja ameukunja. Pale alipokunja pamesema Mungu atawahukumu wazinzi.

Halima alitafsiri hiyo polepole, kwa woga. Halafu nikasikia sauti kama birika linachemka. Mama Kubwa alikuwa anacheka. Alicheka mpaka Halima akamshika mabega. Akanyoosha fimbo yake, akagonga zulia kichwani mara mbili.

"Anasema huyu hapa ndiye askofu," Halima akasema. "Anasema mpe maji."

Kuanzia hapo nilikuwa na abiria watatu. Na mimi kila nikifungua mdomo, "Mama, kuna jambo moja," fimbo inagonga zulia. Kammil.

Karakana ya kando ya barabara, AC ikifa

Mahali fulani karibu na Zalim AC ikapiga kelele kama mbuzi na kunyamaza. Kama hamjawahi kukaa ndani ya gari jangwani mchana bila AC, washeni jiko, mfunge madirisha, mkae juu yake. Tukajikokota mpaka karakana ya Mpakistani mmoja aliyekuwa amelala chini ya lori. Akafungua boneti, akaangalia, akaifunga.

"Mafi," akasema. Hakuna. Hicho kifaa hakuna mpaka mtu atoke Taif.

Tukangoja tena. Mama na Halima wakaingia chumba cha familia cha mkahawa wa jirani, kile chenye mapazia, wakaagiza wali wa kabsa na kuku. Mimi si familia. Nikaletewa sahani yangu kwenye gari, nikala na askofu. Wali ulikuwa mtamu lakini mkono wangu ulikuwa mzito kuuinua. Nilikuwa nimefika pale mtu anatafuna huku amelala.

Baadaye Mama akaletewa kiti kwenye kivuli cha ukuta, nami nikaitwa. Tamthilia iendelee.

Nikasema mfalme aligeuka. Akatoa sheria kali za dini, asiyezifuata anyongwe. Askofu akajivua joho la uaskofu, na alipolivua aliruka kidogo pale chini kwa furaha, kama punda aliyeshushiwa mzigo. Mama akapenda hilo. Nikasema aliwekwa kizuizini, mti ukamwangukia, akafungwa, mfalme akafa, akatoka, akahubiri miaka michache watu wakavunja viti wakimgombania. Halafu akaja malkia wa upande ule mwingine.

"Malkia akatuma mtu na barua ya kumwita. Lakini askofu aliambiwa mapema kwamba huyo mtu anakuja, akawa na saa nyingi za kukimbia. Na huyo mtu alipofika, alimpa barua, akageuza farasi, akaenda zake. Hakumkamata. Watu wanasema walitaka akimbie, wapumzike naye."

Mama Kubwa aliinua mkono. Akataka irudiwe. Halima akairudia. Akauliza swali, Halima akaniuliza: "Yule mjumbe, aliambiwa amwache?"

"Ndivyo inavyoonekana."

"Na akakimbia?"

"Hapana. Alikuwa ameshafungasha. Akaenda Londoni mwenyewe."

Mama akasema neno moja. Halima akaniangalia kwa huruma. "Anasema ni mjinga." Mama akaongeza jingine. "Mjinga mzuri."

Nikasema wakamfunga kwenye ngome, mzee, baridi kali, hakuna moto. Akamwambia mlinzi: mwambie bwana wako asiponipa moto nitamdanganya. Mlinzi akakimbia kumwambia mkubwa, wakidhani anapanga kutoroka. Mkubwa akaja mbio. Askofu akamwambia: nyinyi si mnataka kunichoma? Nikifa kwa baridi nitakuwa nimewaharibia mpango.

Tulikuwa tunatiririka jasho, AC imekufa, jua linakwaruza ukuta. Mama Kubwa alicheka mpaka Mpakistani akatoka chini ya lori kuangalia nani anakufa.

Nikaona hapa ndipo. Amecheka, ameshiba, hana pa kwenda. Nikasema yote kwa pumzi moja: mkataba umeisha, bosi anasema bukra, nina mtoto anayefikiri mimi ni simu. Halima akatafsiri, na nilijua ametafsiri vizuri kwa sababu mwishoni sauti yake ilipungua.

Mama Kubwa alitafuna tende. Akatema kokwa kwenye kiganja. Akaangalia barabara.

"Kammil," akasema.

Sikuendelea. Nikasema nimechoka, nikaenda kukaa kwenye gari. Nilimwambia zulia kitu ambacho siwezi kuandika.

Sayl, njia zinapoachana

Kifaa kilikuja, AC ikafufuka nusu, tukafika Taif tukiwa kama nguo zilizokamuliwa. Tukalala huko, wao kwa jamaa zao, mimi kwenye chumba cha mlinzi. Asubuhi tukashuka mpaka Sayl, pale mahujaji wanapovalia ihramu, zile nguo nyeupe za ibada. Mimi Mkristo siingii Makka, kwa hivyo mpwa wake Mama alikuja na gari lake awachukue. Mimi nizunguke kwa barabara ya wasio Waislamu, niende Jeddah na mizigo, niwangoje kwa yule dada.

Halima alitoka amevaa nyeupe tupu, uso umemetameta. Aliingoja siku hiyo tangu atoke Kwale.

"Kaka, nikuombee nini?"

"Niombee AC."

"Wacha mzaha."

"Basi mwombee Eliya aisahau simu."

Akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akaenda. Mama Kubwa alikuwa ameshaingia kwenye gari la mpwa wake. Akashusha kioo, akaniita. Mpwa alijua Kiingereza kidogo, nami najua kidogo, tukakutana katikati. Mama anasema mtaonana keshokutwa jioni. Mama anasema upumzike. Mama anasema hatakupigia simu hata mara moja.

Hilo lilinishangaza, maana yule mama hunipigia simu nikiwa uani kuniuliza kama niko uani. Nikasema asante, nikaona kumbe hata yeye amechoka nami.

Sasa, nilikuwa nimevaa kanzu nyeupe ya bosi aliyonigawia, kwa sababu shati langu lilibaki kwenye karakana. Usingizi umenijaa. Mbele yangu kuna mabasi ya mahujaji, nami mkono wangu umezoea kufuata lililo mbele. Bango la kona yangu nililiona. Nililiona likipita.

Kwenye kizuizi polisi akanipungia nipite, halafu akanirudisha. "Ihramu yako iko wapi?"

"Mimi masihi," nikasema. Mkristo.

Akaniangalia kanzu. Akachukua ikama yangu, kile kitambulisho cha kazi, akasoma. Akaniangalia kanzu tena. "Jina?"

"Yusuf," nikasema kwa mazoea, na ikama inasema Josefati.

Mnaona mnavyocheka? Hata yeye hakuamini. Nikawekwa kando, juani. Wakaja wawili wakachungulia ndani. "Na huyu nani?"

"Zulia."

Zulia lenye mkanda wa usalama. Wakanitoa, wakalitoa, wakalikunjua lote pembeni mwa barabara waone kama kuna mtu ndani. Mabasi yanapita, watu wanatoa simu. Walipoona ni zulia kweli, mmoja mzee akaanza kucheka, akanipa maji baridi, akaniongoza kwa gari lake mpaka kwenye kona yangu. Kulikunja upya sikuweza vizuri. Askofu aliingia tena akiwa amenenepa, sasa kuona kioo cha kulia ni kwa kukisia.

Ghulail, mlango ukiwa wazi

Jeddah joto lake ni la maji, unalivaa. Nikaenda moja kwa moja Ghulail kwa Barasa. Barasa mnamjua, na akisoma hii asiongeze chumvi. Wakati ule alikuwa amemtoroka kafili wake, anaosha magari Al-Hindawiyah, analala Ghulail kwenye chumba cha watu wengi.

Alinipikia ugali. Unga wa mahindi wa kweli, kutoka duka la Waafrika pale chini, na samaki wa kukaanga na pilipili. Nilikula bila kuongea. Nilipomaliza nikagundua machozi yananitoka, nikasema ni pilipili.

"Pilipili iko kwa ile sahani ingine," Barasa akasema. "Sasa sikia. Wako Makka mpaka keshokutwa?"

"Eeh."

"Simu hawapigi?"

"Alisema hatapiga."

Barasa akaweka sahani chini. "Shikuku, wewe unahitaji malaika aje na tarumbeta? Peleka gari pale kwa dada yake, ufunguo umpe mlinzi, urudi. Kesho twende pamoja chini ya daraja. Wanaokaa pale hukamatwa, wanapelekwa tarhili, ile jela ya kungojea ndege, wanapigwa alama za vidole, wanarushwa kwao. Kafili mafi. Bukra mafi."

"Inachukua muda gani?"

"Wiki. Miezi. Inategemea. Lakini unafika."

Nikalala. Nililala mpaka mchana wa siku ya pili, na simu haikulia. Nilipoamka Barasa alikuwa amefunga nguo zake kwenye mfuko mmoja.

Nawaambia ukweli, nilitaka kwenda. Niliona kabisa Eliya ananiangalia uso. Nilivaa viatu. Halafu nikakumbuka kitu Halima alichonisimulia siku zangu za kwanza: dereva aliyenitangulia alitoroka, na bosi akasema mpishi wa nyumba alijua. Yule mpishi alinyang'anywa simu, akafungiwa ndani mpaka mkataba wake ulipokwisha. Hakujua lolote. Na Halima, mimi na yeye tumeongea Kiswahili mbele ya Mama njia nzima. Nani ataamini hakujua?

Nikavua kiatu kimoja.

"Nini?" Barasa akauliza.

"Halima."

"Halima ni mke wako?"

"Hapana."

"Ni dada yako?"

"Barasa, watamfungia."

Akakaa juu ya mfuko wake. "Ni huyo askofu wako. Mwalimu alituharibu. Miaka mitatu ulikaa pale! Sisi tulipita mara moja tukasahau."

"Wala si ushujaa. Nimechoka hata kukimbia."

"Basi mtachomwa pamoja," akasema. Akanikumbatia mpaka mbavu zikalia, akachukua mfuko, akashuka ngazi. Nikamsikiliza mpaka chini. Halafu nikavaa kile kiatu tena.

Kwa dada yake Mama

Kesho yake nilifika mapema nikaegesha langoni. Jioni gari la mpwa likaja. Halima akatoka kwanza, akaniona, akashika mdomo. Mama Kubwa akashushwa. Akasimama na fimbo yake ananitazama kama mtu anayesoma bango kwa mbali.

Akaongea, na hakuongea kwa furaha. Akapiga zulia kupitia dirishani.

Halima alichelewa kutafsiri. "Anasema... anasema alikuachia barua akageuza farasi. Auliza, wafanya nini hapa?"

Ndugu zangu, mimi ndiye niliyeisimulia ile hadithi. Nilisimulia kwa mdomo huu. Na sikuiona.

"Mwambie dereva akitoroka, anayefungiwa ni wewe."

Halima akaangalia chini.

"Mwambie."

"Siwezi kusema hilo, kaka."

Mama Kubwa akagonga fimbo. Anataka aambiwe. Halima akasema, polepole, na nikasikia akitaja yule mpishi. Mama alitafuta ngazi kwa mkono, akakaa pale pale langoni. Sidhani kama alikuwa hajui. Nadhani alikuwa hajawahi kuambiwa usoni.

Akaomba simu. Akampigia mwanawe. Maneno niliyoyashika ni machache: Yusuf, Halima, haramu, halas. Halas alilisema mara nyingi, kila mara kwa sauti ya chini zaidi. Akarudisha simu. Akaniuliza kitu kwa sauti ya mtu aliyechoka kuliko mimi.

"Auliza askofu aliishaje."

Mwisho wenyewe mnaujua. Nilimwangalia mzee wa watu pale kwenye ngazi, nikashindwa kumuua askofu.

"Mwambie mwisho nitausema nikiwa kwetu."

"Ewe! Wampa Mama sharti?"

"Mwambie tu."

Akamwambia. Mama akaniangalia, halafu lile birika likaanza kuchemka taratibu. Zulia likateremshwa, likatandikwa sebuleni kwa dada yake. Wanalikanyaga mpaka leo, na nasikia wanaliita Askofu.

Riyadh tena, na kungoja kwingine

Msidhani ilikuwa siku ile ile. Tulirudi Riyadh na bosi akaninunia wiki kadhaa. Bukra ziliendelea, ila sasa alizisema bila kuniangalia. Halima akaniambia Mama amekataa kula meza moja na mwanawe. Anakula chumbani kwake, mlango wazi, ili mwanawe aone hakai naye mezani. Na runinga amezima. Alipozima tamthilia nyumba nzima ikajua si mchezo.

Halafu asubuhi moja, naosha gari, bosi akasimama mlangoni. "Yalla, Yusuf," akasema, kama mtu anayefukuza kuku. Ndivyo nilivyopata kuondoka. Siku nne tu kabla yangu, Barasa alikuwa ameshashuka Nairobi na ule mfuko wake mmoja. Kwa hivyo yeye aliyekimbia alifika kwanza, na hilo hataniacha nilisahau mpaka nizikwe.

Butere

Eliya alinikimbia. Alijificha nyuma ya mama yake, akachungulia, akaenda mezani, akachukua simu, akaiuliza, "Huyu ni nani?"

Hali ikawa hiyo siku kadhaa. Mchana anacheza karibu nami, jioni anaibusu simu.

Jumapili baada ya kanisa simu ikalia, namba ya Saudia. Halima. "Mama asema uko kwenu sasa. Ulipe deni la hadithi."

Nikakaa kwenye kiti cha nje, Eliya yuko miguuni na gurudumu lake la waya. Nikasema. Kwamba walimpeleka mji mwingine na askofu mwenzake, wakawafunga kwenye mti mmoja. Kwamba alikuwa mzee, amevaa koti kuukuu, amejikunja, na walipomvua alisimama wima watu wakashangaa. Kwamba alimpa moyo mwenzake. Kwamba moto ulipokuja aliupokea, akaupitisha usoni kwa mikono kama mtu anayenawa asubuhi, na hakuchelewa.

Halima alitafsiri mpaka mwisho. Nilisikia AC yao ikinguruma.

"Analia?"

"Asema ungemdanganya."

"Mwambie nilifikiria."

Eliya alikuwa amesikia sauti kwenye simu. Akaacha gurudumu, akapanda magotini kwangu, akanivuta mkono, akaweka mdomo pale anapozoea kuweka.

"Baba hayuko huko," akaiambia simu. "Ako hapa."

Nikamsikia Halima akitafsiri. Na Mama Kubwa akajibu neno moja, Kiarabu ambacho hata mimi nakijua.

"Halas," akasema.